Shuka la Kitanda cha Tisa

Jumatatu saa moja na dakika kumi asubuhi, kapu la mashuka ya wodi ya wanawake lilifika kwenye meza ya pasi, kama kila Jumatatu. Yalikuwa mashuka arobaini na mawili. Kila moja lilikuwa na namba ya kitanda kwenye pembe, imeandikwa kwa wino mweusi usiotoka hata kwa maji ya moto, kwa sababu miaka ya nyuma mashuka ya hospitali yalikuwa na tabia ya kwenda kulala nyumbani kwa watu. Tangu hapo ikawa sheria: shuka la kitanda cha tatu hurudi kitanda cha tatu, la cha nne hurudi cha nne.

Bi Pasi alianza na la kwanza akaendelea kwa mpangilio. Alipolitandaza la tisa mezani, mdogo wake alikuwemo.

Ilikuwa mikunjo tu, lakini alikuwa yeye. Alilalia ubavu wa kulia, magoti ameyavuta, kiganja kiko chini ya shavu, vile alivyolala tangu walipokuwa wadogo wakigawana mkeka mmoja. Bi Pasi alinyunyiza maji, akapitisha pasi. Mikunjo ilinyooka, lakini pasi ilipofika miguuni, bega lilikuwa limesharudi. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne akapiga pasi pembeni tu, akizunguka, kama mtu anayefagia chumba ambacho mwenzake bado amelala.

"Mdogo wako huyo," alisema Babu Viraka kutoka kwenye cherehani yake.

"Ndiye."

"Amekonda."

"Kakaa humu siku kumi na moja. Kwa chakula cha hapa angenenepea wapi?"

"Usiniulize mimi, mama. Mimi nashona tu."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, ambako uongozi uliwaweka wafanyakazi wasiopendeza machoni pa wageni. Babu Viraka aliletwa huko kutoka chumba cha maiti, kwa kosa la kuwasalimia marehemu na kusubiri wajibu. Bi Pasi alikuwa mhudumu wa wodi mpaka ndugu wa mgonjwa mmoja walipolalamika kwamba uso wake, ulioungua upande mmoja tangu utotoni, unamtia mgonjwa wao hofu. Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Mgonjwa mwenyewe hakuwahi kulalamika.

Mdogo wake alikuwa amefariki Jumatano iliyotangulia, saa nane na nusu mchana. Alikuwa akipumua kwa mtungi wa oksijeni, na siku hiyo mtungi uliokuwa na hewa ulikuwa mmoja. Simu ikapigwa kwamba shemeji wa mtu mkubwa anakuja kulazwa ghorofani, kwenye vyumba vya wenye nafasi, na chumba chake kinatakiwa kiwe kamili. Mtungi ukapandishwa. Shemeji alifika saa kumi na moja, akiwa ameteguka kifundo cha mguu.

Bi Pasi aliuona mtungi ukipita. Njia ya kwenda ghorofani ilipita mlangoni kwao, na kapu lake la mashuka lilikuwa katikati ya njia. Akalisogeza. Mhudumu akamwambia asante, naye akamjibu haya, baba, kazi njema.

Kwenye faili la marehemu uliandikwa mstari mmoja: *Mgonjwa amefariki kwa sababu ya kucheleweshwa kuletwa hospitali.* Aliyemleta alikuwa Bi Pasi mwenyewe, siku ya kwanza ya homa, mgongoni, kwa sababu hakutaka kusubiri gari. Ijumaa alikwenda ofisini akaomba mstari ule ukatwe, uandikwe ulio kweli. Karani alimwambia faili limeshafungwa. Bi Pasi hakuwa na ombi jingine duniani.

Basi shuka likarudi kitanda cha tisa, kama sheria ilivyotaka. Kitanda kilikuwa kimepata bibi mmoja mwenye shida ya moyo. Alipolala alijisogeza kidogo, akatulia.

"Kuna mwenzangu hapa," alimwambia nesi. "Mstaarabu sana. Ameniachia upande wa ukutani."

Nesi alimwambia ameze dawa.

Ilipofika saa nane na nusu mchana, mikunjo ya kifua ikaanza kupanda na kushuka, haraka haraka, kisha ikatulia. Bibi, aliyekuwa amesinzia, akafumbua macho akauliza kwa sauti ya mwanamke kijana, "Mtungi uko wapi?" Halafu akarudi kwenye sauti yake akaomba chai. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Bibi alipopata nafuu akaruhusiwa, akaja mwalimu wa chekechea. Naye saa nane na nusu aliuliza mtungi uko wapi, kisha akaendelea kusuka kikapu chake.

Matroni alikwenda chumba cha kufulia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili kustaafu.

"Bi Pasi, shuka hili halikunyooka."

"Limenyooka, matroni. Aliyelala ndiye hakunyooka."

Matroni alilitazama shuka kwa muda. "Poleni," alisema, na haikujulikana anampa pole nani kati ya wawili wale. Kisha akatoa fomu ya vitu vilivyochakaa. Hakuna kitu cha hospitali kilichoweza kutupwa bila fomu hiyo, na kwa upande wa mashuka ilitakiwa sahihi ya mpiga pasi, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua shuka kuliko mtu yeyote. Sababu zilizokubalika zilikuwa tatu: limechanika, limeungua, lina doa lisilotoka.

Bi Pasi aliisoma fomu juu mpaka chini. "Sioni la kuwekea alama," alisema, akaendelea na kazi.

Siku mbili baadaye aliitwa kwa daktari mkuu. Daktari mkuu alikuwa na meza pana na feni mbili, zote zikimwelekea yeye.

"Mama, shuka ni shuka tu. Weka sahihi tuendelee na kazi."

"Na faili ni karatasi tu, daktari. Weka sahihi tuendelee na kazi."

"Faili limefungwa."

"Sawa. Na yeye amelala."

"Unajua naweza kukuhamisha?"

"Kwenda nyuma zaidi ya pale? Nyuma ya pale ni ukuta, daktari."

Alimhamisha hata hivyo. Bi Pasi akapewa ndoo na tambara la kupigia deki barazani, na pasi akakabidhiwa binti mmoja kutoka stoo. Binti alikuwa na nguvu na nia njema. Aliunguza makoti kumi na moja ya madaktari, na mdogo wake Bi Pasi hakumnyoosha hata kidole. Baada ya wiki mbili Bi Pasi akarudishwa mezani pake. Alilitandaza la tisa akaona mgonjwa wake amegeuza kiganja kidogo, basi.

Uongozi ukalifungia shuka lile stoo na kununua jipya. Jipya lilipofuliwa mara ya kwanza alikuwemo, ubavu wa kulia. Wakaona tatizo ni kitanda. Wakakitoa kitanda cha tisa, namba zikaruka kutoka nane kwenda kumi, wodini pakabaki pengo kama la jino. Siku hiyo saa nane na nusu wanawake wote arobaini na mmoja waliuliza kwa pamoja, "Mtungi uko wapi?" Hata aliyekuwa hajasema neno tangu alazwe aliuliza. Kisha kila mmoja akarudi kwenye lake, anayekula akala, anayelala akalala.

Haikuwezekana kuwaruhusu wote nyumbani. Kitanda kikarudishwa, lakini wanawake hawakurudi nyuma. Wakabaki wanauliza wote. Daktari mkuu akasogeza saa ya kuona wagonjwa kutoka saa nane hadi saa tisa, wageni wasisikie. Baada ya mwezi manesi walikuwa wakirekebishia saa zao kwa swali lile. Hakukuwa na aliyelijibu, isipokuwa mhudumu wa mitungi, ambaye siku moja alipita mlangoni kwa bahati mbaya, akawaambia ukweli, "Uko ghorofani," akasukuma toroli lake akaenda zake.

Fomu nayo iliendelea kuletwa kila Ijumaa, kwa kuwa jambo lilikuwa halijaisha. Bi Pasi hakuweka sahihi. Lakini chini ya fomu palikuwa na nafasi ya maelezo ya mpiga pasi, mistari mitatu, ambayo haikuwahi kutumiwa na mtu. Aliijaza kwa mwandiko wake wa shule, herufi zimesimama wima: *Shuka ni zima. Mtungi ulipandishwa ghorofani saa nane mchana, mgonjwa akiwa hai. Aliletwa mapema. Nilimleta mimi.*

Karani wa vifaa alikuwa na muhuri mmoja na hakuwa na kazi ya kusoma. Kila fomu aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye jalada la mashuka. Zikafika ishirini na tatu.

"Wanaoyasoma majalada hayo ni panya tu," Babu Viraka alimwambia.

"Basi panya wajue."

Babu Viraka aliukata uzi kwa meno. "Ulisogeza kapu tu, mama. Hukujua."

"Najua sikujua," alisema Bi Pasi. "Nipishe nichukue maji."

Wiki ya ishirini na nne, siku ya Alhamisi, mtungi ulitolewa tena wodi ya wanawake ukapandishwa ghorofani, safari hii kwa ajili ya mama mkwe wa mtu. Bi Pasi hakuuona ukipita. Alikuwa uani akianua makoti.

Jumatatu, kapu lilipofika, alianza na la kwanza. Alipofika la tisa alipiga pasi pembeni, taratibu, kama kawaida. La kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili na la kumi na tatu hayakuwa na neno. Katika la kumi na nne palikuwa na mwanamke mnene amelala chali, mikono kaiweka kiunoni.

Babu Viraka alisimamisha cherehani. "Huyo nani?"

"Simjui. Anaonekana mtu wa maneno."

Babu Viraka alimwamkia mgeni, akasubiri kidogo, kisha akaendelea kushona.

Bi Pasi alizima pasi, akafuta mikono, akaenda wodini. Faili la kitanda cha kumi na nne lilikuwa limeshaandikwa, mstari mmoja, kwa mwandiko ule ule, na lilikuwa limeshafungwa. Matroni alikuwa mezani pake akipanga vikombe vya dawa.

"Huyu wa kumi na nne," Bi Pasi alisema, "walimtolea mtungi saa ngapi?"

Matroni hakuinua kichwa. Alihesabu vidonge mpaka mwisho wa kikombe.

"Saa nne na robo asubuhi," alisema.

"Na aliletwa lini?"

"Jumapili, siku nne kabla. Kaja na mwanawe. Mapema tu."

Bi Pasi alishukuru. Alirudi mezani akaomba fomu ya pili kabla haijaletwa, akaandika saa nne na robo, akaandika Jumapili, akaandika mapema. Akawasha pasi. Alipiga kando ya viwiko vya yule mama kwa uangalifu, maana vilikuwa vimechongoka, akalikunja shuka bila kumkunja mtu. Kisha akatandaza la kumi na tano.