Arobaini ya Mzee Khalfani

Nasra alishasema. Hilo lijulikane kwanza, maana baadaye kila mtu alijifanya hakusikia. Siku ya tatu baada ya kumzika Mzee Khalfani, mkuu wa masjala wa shirika lao la zahanati za mwambao wa ziwa, Nasra, mlinzi wa mfumo wao wa kompyuta, alikwenda kwa meneja akasema, "Bosi, naomba nifunge akaunti ya marehemu leo."

Bwana Isaka, mgeni kutoka Singida aliyeogopa kuwaudhi watu wa Ujiji kuliko alivyoogopa ukaguzi, alimkazia macho. "Kaburi halijakauka, wewe unamfuta? Subiri arobaini ipite."

"Akaunti ile inafungua mafaili ya wagonjwa wote."

"Subiri, nimesema."

Basi. Ofisi nzima ikawa upande wa bosi. Walikuwa bado wanamwandikia marehemu kwenye akaunti hiyo, Mungu akulaze pema Mzee wetu, utadhani atajibu. Na mafaili hayakuwa kabatini ukatia kufuli ukalala. Yalikuwa mtandaoni, kwenye kompyuta za kukodi ng'ambo, huko wanakoita winguni, na mwenye neno la siri huingia kutoka popote duniani. Kizuizi kilichobaki kilikuwa namba sita ambazo mfumo hutuma kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu ya marehemu alikuwa nayo mjane wake, Bi Hasna, anayekaa eda Ujiji.

Nasra akasema liwalo na liwe, naifuata simu. Alifika, akaketi mkekani na akina mama, akapewa chai ya tangawizi. Simu ilikuwa mapajani mwa Bi Hasna, ikiita kila mara, watu wa Kalinzi, watu wa Kidahwe, wote wakitoa pole. Mzee yule ndiye aliyemfundisha Nasra kazi, akimwita "mwanangu" mbele za watu. Sasa utamwambiaje mjane wake, shikamoo mama, pole, nipe simu? Alimaliza chai, akaaga. Hata kumwonya asimsomee mtu namba zozote, hakumwonya. Aliona haya, na haya hiyo aliijutia kuliko kitu kingine chochote maishani.

Wezi hawana haya. Ofisi yenyewe ilikuwa imebandika tangazo la msiba mtandaoni: picha, cheo, na namba ya marehemu kwa salamu za rambirambi. Neno lake la siri lilikuwa jina la shirika na mwaka lilipoanzishwa. Hilo nalo Nasra alishalipigia kelele mpaka akachoka. Siku ya thelathini na nne, wakaingia.

Asubuhi hiyo hakuna faili lililofunguka. Kulikuwa na ujumbe tu: lipeni, la sivyo majina yatawekwa hadharani. Majina! Wanawake wa Bangwe waliokuja kuchukua dawa kwa kificho, waume hawajui, wakwe hawajui. Shirika halikulipa, na siku ya tatu orodha ikazagaa kwenye simu za mji mzima. Nasra aliisoma yote, akilia kwa hasira, kisha akaenda Ujiji.

"Ndiyo, alipiga kijana wa ofisini kwenu," Bi Hasna alisema. "Akaomba nimsomee namba zilizoingia, ili wakamilishe mafao ya Mzee. Kwani nimekosea?"

"Hapana, mama."

"Kijana ana adabu, jamani! Alinipa pole, akamwombea marehemu dua ndefu mpaka nikalia. Wewe ulikunywa chai ukaondoka."



Kikao cha uchunguzi hakikuchukua muda. Mlinzi wa mfumo nani? Nasra. Onyo lake liko wapi? Alilitoa kwa mdomo. Bwana Isaka akainamia meza, akasema mazungumzo hayo hayakumbuki. Hayakumbuki, mtu mzima na ndevu zake! Siku ya arobaini yenyewe, Nasra akakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

Aliomba dakika tano tu, anakili ujumbe wa mwisho aliotumiwa na Mzee Khalfani, ule wa kumpongeza. Akaketi, akaandika neno lake la siri. Mfumo ukakataa. Akarudia, ukakataa.

"Umeshafungiwa tangu asubuhi," Bwana Isaka alisema. "Si utaratibu uliouandika mwenyewe, dada? Anayeondoka afungiwe papo hapo."

Nje, gari la ofisi lilikuwa likipakia masufuria na mchele wa arobaini, kupeleka Ujiji. Hakuna aliyemwambia apande.