Goti la Ntwali

Orodha ya wachezaji bora wa ligi ingetoka Jumanne saa nane mchana. Tangu saa sita mjukuu wangu Ntwali alikuwa sofani, mguu wa kushoto juu ya kiti, simu mkononi. Kocha wa chuo kimoja kikubwa alikuwa amemwambia: jina lako likiwa kwenye orodha, hata kama ni kundi la pili wanaloliita timu ya pili, tutakuchukua na kukusomesha. Lisipokuwepo, basi.

Mpira wao huu wa Kimarekani siuelewi vizuri. Najua kazi ya Ntwali ni kumwangusha anayekimbia na mpira. Najua pia kwamba mwezi wa tisa, baada ya mechi ya kwanza, alirudi hapa Saint Paul goti limevimba kama papai, nami nikamwambia asimwambie kocha wa timu yake, atamtoa.

Kwetu Uvira nilikuwa mchuaji. Watu waliletwa kwangu kwenye baiskeli, wakarudi kwao wakitembea. Nikachemsha maji ya chumvi, nikapasha mawese, nikamchua kila jioni majuma matatu. Maumivu yakatulia, akacheza. Kwenye mechi ya nne alianguka uwanjani peke yake, bila kuguswa na mtu.

Jirani yetu Jeptoo, nesi kutoka Kenya, Jumanne hiyo alitoka zamu akaja kwetu moja kwa moja, kabla hajalala, na chapati zimefungwa kwa taulo.

"Shosho, leo usiguse hilo goti," aliniambia, kwani kwao bibi ni shosho. "Timu iko na daktari, na si wewe."

"Mikono nimeikalia."

Akacheka, akakaa karibu nami. Ndiye aliyenieleza baada ya mechi ya nne, taratibu, kwamba kano lilichanika kidogo tangu siku ya kwanza, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimkataza Ntwali kukimbia. Mimi nikayanyamazisha.

Saa nane ikafika. Ntwali alisoma, kidole kikishuka kwenye simu.

"Gilbert yuko timu ya kwanza," alisema. Gilbert ni mwenzake, ndiye aliyembeba siku aliyoanguka hadi kwenye gari. Akashuka mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma upya.

"Koko, mimi simo," akaniambia mimi bibi yake.

Kocha wa timu yake akapiga simu. Ntwali aliweka spika, Jeptoo akawa ananitafsiria sikioni. Makocha wote wa ligi hupiga kura, na mchezaji wa mechi nne hawakumtaka. Alijaribu kumtetea, wakakataa. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia mapema? Ningekupumzisha majuma matatu, ungecheza zote zilizobaki."

Ntwali alinitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa: sema.

"Ni mimi, Kocha," alisema kwa Kiingereza, na hayo niliyaelewa mwenyewe. "Niliogopa kupoteza nafasi."

"Mwambie ni mimi niliyekukataza," nikasema.

Akafunika simu kwa kiganja. "Itasaidia nini sasa, Koko?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. Jeptoo alikuwa anatazama dirishani.

Kocha akamtakia heri, akakata. Ntwali alifuta kioo cha simu kwa shati lake, akaanza kumwandikia Gilbert pongezi.