Bunduki ya Maharagwe

Niliingia dukani kwa Dwight mwezi wa Agosti, siku ya jua kali, mbwa wake amelala chini ya gari ulimi nje, nami nimevaa koti zito la sufu la marehemu mume wangu, nimelifunga mpaka shingoni. Kwapani nilikuwa nimebana mpini wa fagio uliofungwa vifuko vya kitambaa. Nyuma yangu aliingia shemeji yangu Perry, mdogo wa marehemu, aliyenileta kwa kigari chake cha farasi. Njia nzima alikuwa akitazama pembeni, asije akaonekana yuko nami.

Dwight ni fundi bunduki. Si wa kanisa letu, ni mmoja wa wale watu wa nje tunaowaita Waingereza hata kama hawajawahi kuiona Uingereza. Aliweka tupa mezani akanitazama.

"Bi Savilla, huko kwenu theluji imeshaanguka?"

"Bado."

"Basi una homa."

"Sina homa. Nimekuja kupimwa kitako cha bunduki. Mwezi wa kumi na moja nitawinda nimevaa koti hili, sasa nikipimwa na gauni la Agosti si utanitengenezea bunduki ya mtu mwingine?"

Perry alicheka. Dwight naye alitaka kucheka, akaghairi.

"Cheka tu, Perry," alisema. "Kila mwaka wanaume wazima wananijia hapa na fulana. Theluji ikianguka wananirudia wakilia kwamba kitako kirefu, kinanasa kwapani wakiinua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja na koti. Simama hapo, Bi Savilla, kunja mkono."

Akanipima kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, jasho likinitiririka mgongoni.

Mume wangu Orva alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, moyo ulisimama akiwa anakata magogo. Tangu siku hiyo mimi na watoto wetu wanne hatujalala njaa. Watu wa kanisa wameleta nyama ya elki, yule kulungu mkubwa wa milimani kwetu, wameleta viazi, wameleta kuni zilizopasuliwa tayari. Mungu awalipe. Lakini jioni moja tulipoinua vichwa baada ya kuomba, binti yangu Malinda alichota nyama akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Mama, leo tunakula elki ya nani?" Nikamjibu ni ya baba mdogo Perry. Akala. Mimi sikuweza kumeza.

Basi mwaka huu nikachukua kibali cha kuwinda kwa jina langu. Perry aliposikia alisema hakuna shida, atanipigia yeye.

"Kibali kina jina langu, shemeji."

"Elki haulizi jina."

"Askari wa wanyamapori anauliza."

"Nani atamwambia?"

"Hata asipoambiwa na mtu. Aliyemuumba elki anajua nani kampiga."

Akajikuna ndevu. Perry si mtu mbaya, ana huruma inayotangulia akili. Mwishowe tukapatana. Kibao cha chuma cha ukubwa wa sahani kingetundikwa kwenye malisho yake, hatua mia mbili. Nikikipiga mbele yake kwa risasi ya kwanza, tutapanda wote mlimani, nami ndiye mpigaji. Nikikosa, nitakaa nyumbani na mitungi yangu ya matunda na mboga, na tutaendelea kula elki za watu. Nikatoa neno langu. Kwetu neno likishatoka halirudi.

Shida ilikuwa mkono wangu wa kushoto. Ulivunjika siku ile mkokoteni wa nyasi ulipopinduka, ukaunga vibaya. Kubeba unabeba, ila kuinua kitu na kukishikilia hewani unaanza kutetemeka. Na bunduki ya Orva ilizidi ratili kumi.

Ndiyo maana nilikwenda na ule mpini wa fagio. Nilishona vifuko, nikavijaza maharagwe, nikavifunga, nikapanda nao kilima cha nyuma ya nyumba kila asubuhi baada ya kukamua. Uzito ukinishinda, napunguza maharagwe. Mkono ukitetemeka, nakisogeza kifuko nyuma. Mpaka siku moja nikafika juu, nikauinua, nikasoma Baba Yetu yote taratibu na mpini haujatikisika.

Niliulaza juu ya meza ya Dwight. "Bunduki yangu hii hapa. Nitengenezee iwe hivi."

"Inapiga maharagwe mekundu au meupe?" Perry aliuliza.

Dwight aliupima kwenye mizani, akaulaza juu ya kidole kutafuta mahali unapokaa sawa. "Ratili tano na ushei. Inawezekana. Ila uzito wote umeuweka nyuma. Kubebeka itabebeka, lakini ukifyatua mdomo utaruka kama mbuzi. Nirudishie kikombe kimoja cha maharagwe huku mbele."

"Nusu kikombe."

"Nusu, sawa. Naona ni mama wa sokoni huyu."

Perry akaileta bunduki ya Orva kutoka kigarini, tukaanza kuchagua. Chuma cha kati, penye bolti, alitaka nichukue kipya cha titani, madini mepesi kuliko chuma. Nikakataa, cha Orva hakikuwahi kukwama hata kwenye barafu, akipunguze tu kwa kutoboa pasipo na kazi. Mtutu akanionyesha aina mbili. Mmoja mnene, umevikwa nyuzi za kaboni, unameta kama nyoka. Mwingine wa chuma kitupu, mfupi, mwembamba kama kidole.

"Huu mwembamba ndio mwepesi zaidi," alisema, "lakini unapata moto haraka. Risasi ya tatu inaanza kutangatanga."

"Ya tatu nataka ya nini?"

Akautenga pembeni, uwe wangu. Tukakubaliana pia apunguze ukubwa wa risasi, nami nikaahidi kwamba sitapiga kitu kilichopita hatua mia mbili. Darubini kubwa ya Orva niliiweka kando, nikachukua ndogo isiyo na vidude vya kuzungusha. Akaleta kifaa cha kufunga mdomoni mwa mtutu ili bunduki isipige teke sana, tukatoka nje akafyatua moja yenye kifaa hicho. Mlio ulinifanya nione nyota.

"Hicho hapana. Nyumba yetu haina umeme, usiku naiangalia kwa masikio."

Ilipofika kitako, nilisema nataka cha nyuzi za kaboni, cheusi, bila rangi wala michoro. Hapo Perry akasimama.

"Na kile cha mti wa jozi? Kaka yangu alikichonga kwa mkono wake!"

"Nakijua. Nilikuwa nafagia vumbi lake."

"Unamtupa Orva, Savilla?"

Niliona macho yake yamejaa maji, nikajua ule mzaha wote wa asubuhi ulikuwa umefunika nini.

"Simtupi," nilisema. "Kile kitako kina uzito wa mtoto mchanga. Orva alikichonga kwa mabega yake, si kwa yangu. Kichukue wewe, kinakufaa. Mimi acha nipeleke nyama nyumbani."

Akakaa. Tukirudi, kitako alikiweka mapajani, hakukitupa nyuma pamoja na magunia.

Bunduki ilikamilika majani yalipoanza kugeuka njano. Nyepesi hata niliogopa kwamba Dwight amesahau kitu ndani. Tukaenda kuilenga kwenye kiwanja chake. Nilipiga, nikangoja mtutu upoe, nikapiga tena, hivyo hivyo mpaka mchana. Risasi zote zilikwenda chini, kila moja na kwake. Dwight akaichukua, akapiga yeye mara tatu, matundu yakagusana.

"Bunduki ni nzima," alisema polepole. "Unashtuka, Bi Savilla. Kabla haijalia wewe umeshafumba macho. Ni nyepesi mno kwako. Nikuwekee mtutu mnene, uzito utalimeza teke."

"Na mlimani nitaupandishaje?"

Perry alitazama viatu vyake. Alikuwa na haki ya kusema nilikuambia, hakusema, na hilo likaniuma zaidi.

Jioni, nikivua gauni, niliona doa la damu bega la kulia. Nikasogeza taa. Katikati ya wekundu ulioachwa na kitako palikuwa na vitundu vidogo, vingi, vimekaa pamoja kama alama za jino la panya. Pini. Kitambaa chetu cha mabega hatukifungi kwa vifungo, tunakibana kwa pini, na mimi tangu msichana nimeibana yangu pale pale. Kila teke la bunduki lilikuwa likiisukuma pini nyamani. Sisi wanawake tumezoea kuchomwa na pini hata hatusemi ai. Nilidhani maumivu yote ni ya bunduki, lakini bega lenyewe lilijua, likawa linakimbia kabla.

Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikapiga magoti nikashukuru.

Asubuhi nilikwenda kwa Elmina, mke wa askofu, kwa sababu sikutaka kesho watu waseme Savilla ameanza kuvaa kivyake. Nilimkuta akimenya matofaa. Nikamweleza kwamba nataka kushona kwa uzi badala ya kubana, bega moja tu.

"Bega litakuwa limefunikwa?" aliuliza.

"Limefunikwa."

"Sasa uzi una dhambi gani? Chukua kisu, nisaidie haya matofaa." Tulipomaliza beseni akaongeza, bila kuinua macho, "Ukimpata jike mnono, mafuta usiyatupe. Sabuni yangu imekwisha."

Siku ya kibao niliweka kwanza kifuani sala fupi, halafu bunduki begani. Perry alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni. Bega halikukimbia. Chuma kikalia ngaa! ng'ombe wake wakainua vichwa.

"Upepo umekusaidia," alisema.

"Hakuna upepo, shemeji."

"Ndiyo nasema."

Tulipanda mwezi wa kumi na moja, theluji ikifika magotini, wote tumevaa fulana za rangi ya chungwa juu ya makoti kama sheria ya uwindaji inavyotaka. Farasi tuliwaacha chini, penye magogo yaliyoanguka hapapiti mnyama mwenye mzigo. Perry alinitangulia kwa hatua za mtu mwenye haraka; nilimkuta juu amekaa, pumzi zinatoka kama moshi wa jiko. Mimi sikuwa nimesimama hata mara moja. Bunduki ilikaa begani kama fimbo.

Kundi lilitokea upande wa pili, kwenye mteremko ulioungua zamani. Majike saba au nane, wanachimba theluji kwa kwato.

"Piga!" Perry alininong'oneza. "Piga, wanaondoka!"

"Mbali."

"Mimi napiga kwa umbali huo kila mwaka!"

"Piga basi ya kwako. Mimi niliahidi."

Akauma glovu. Hakupiga. Nikakaa chini nikateleza kwa makalio kwenye theluji, kutoka gogo hadi gogo, koti likijaa barafu mgongoni. Mmoja aliinua kichwa, nikaganda. Akainamisha, nikateleza. Nilipolifikia gogo la mwisho nilivua skafu nikaikunja juu yake, nikalaza bunduki, mkono mbovu ukapata pa kupumzika. Moyo ulikuwa ukinidunda, na duara la darubini likidunda nao. Nikangoja. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo, elki akiwa wangu anisimamie, asipokuwa wangu aondoke mzima. Jike mnene akageuka ubavu. Nikaachia pumzi nusu, nikabonyeza.

Kundi likalipuka. Wote wakapotea ndani ya misonobari, hata yule wangu.

Perry alinifikia akianguka anguka. "Umekosa! Wamekimbia wote!"

"Sijakosa. Alikunja mguu wa mbele, na alikimbia kichwa chini. Wengine walikimbia vichwa juu."

"Savilla, nimewinda miaka ishirini..."

"Kaa chini, ule mkate. Tukimfuata sasa atakwenda mbali."

Nikampa mkate wenye jamu ya tofaa, akala amekasirika. Alipomaliza tukafuata nyayo. Tulipoingia kwenye miti tukaona damu, nyekundu yenye povu, halafu tukamwona mwenyewe, amelala kama ng'ombe aliyechoka, macho wazi, theluji bado haijayeyuka kwenye manyoya ya mgongo. Nilivua glovu nikamgusa shingo. Alikuwa na moto.

Kisha Perry akatoa kisu. "Haya. Kamba ziko wapi?"

Tulifanya kazi mpaka mikono ikafa ganzi. Mafuta niliyakusanya kwenye mfuko peke yake. Kuiteremsha nyama yote kungehitaji safari kadhaa. Tukatundika nyama nyingine mtini, tukafunga mzigo wa kwanza. Wa Perry ulikuwa paja moja, wangu mgongo na vipande vya shingo, mikanda ikanizamia mabegani. Perry alinitazama ninavyojaribu kusimama.

"Nipe basi hiyo bunduki nikubebee," alisema. "Mzigo unakulemea."

"Bunduki haina uzito," nilimwambia. "Chukua paja lile la pili."