Mama ni Hasi Kumi na Nne

Mhadhiri wetu wa uchumi wa menejimenti tulimpa jina la Tuchukulie, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo. Tuchukulie kampuni ina wafanyakazi wanne. Tuchukulie bei haipandi. Tuchukulie mambo mengine yote yamebaki vilevile. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo hata sufuria haikai mahali pamoja siku mbili. Hayo mambo yanayobaki vilevile yanapatikana wapi? Nilikuwa mwaka wa pili na bado nanakili michoro ya ubaoni bila kujua inaanzia wapi. Wenzangu wakitikisa kichwa, nami natikisa, huku ndani giza tupu.

Kazi ya muhula ilikuwa kutafuta zao la nyongeza, yaani kile kinachoongezeka kwa sababu mtu mmoja yupo kazini. Tuchukulie alisema twende mahali pa kazi penyewe, tumtoe mfanyakazi mmoja kwa siku moja, tuhesabu, kesho yake tumrudishe na kumtoa mwingine. Tena wasijue wanapimwa, alisema, kwa sababu mtu akijua anapimwa anabadilika.

Nikaenda kwa mjomba. Ana kiwanda kidogo cha udobi: wafuaji wawili, mpiga pasi mmoja ambaye tunamwita Pasi tu, na mama yangu, dada yake mjomba, kwenye meza ya kupokea. Mama hafui wala hapigi pasi. Anapokea nguo, anapekua mifuko, anatazama madoa, na kabla nguo hazijafungwa anazikagua moja moja. Akiona kola ina mkunjo, shati linarudi kwa Pasi, na Pasi ananuna. Mjomba alikubali haraka, maana alipenda sana kuwaambia wateja kwamba ana mpwa chuo kikuu.

Siku ya kawaida zilitoka nguo mia moja na ishirini. Mfuaji mmoja alipokosekana zikawa tisini na tano. Pasi alipokosekana, wafuaji wakishika pasi wenyewe, zikawa sabini, nikafurahi, kwa mara ya kwanza kitu cha ubaoni kilikuwa kinatokea mbele ya macho yangu. Hao nilikuwa nimewatafutia visingizio vya kutumwa huku na huko. Ikabaki zamu ya mama. Aligoma kwanza, hajazoea kukaa nyumbani siku ya kazi, nikambembeleza mpaka akachoka. Wenzake nikawaambia anaumwa.

Siku hiyo zikatoka nguo mia moja thelathini na nne.

Nilihesabu mara tatu. Mama hayupo, nguo zimeongezeka. Zao la nyongeza la mama yangu mzazi: hasi kumi na nne. Sikuelewa, na sitaki kudanganya hapa, sikuelewa kabisa. Nikampelekea Tuchukulie nikitumaini ataniambia nimekosea. Akavua miwani akatabasamu. Namba hasi ni nadra kuipata kwa macho, akasema. Bila shaka huyo mkaguzi anawarudisha wenzake nyuma, liandike hilo. Nikaliandika. Nikapata alama za juu kuliko darasa zima na kazi yangu ikasomwa mbele ya wote. Kichwa kikavimba, nikaacha kujiuliza.

Mjomba naye akaomba nakala. Ijumaa alimwambia mama kwamba kuanzia wiki inayofuata apumzike nyumbani, nguo mjomba atazipokea mwenyewe. Mama alirudi, akakaa kitandani kwangu bila kuvua viatu.

"Mwanangu, hasi maana yake nini?"

"Ni chini ya sifuri, mama."

"Kwa hiyo nisingekuwepo kabisa ingekuwa nafuu."

Nikamwambia ni kwenye karatasi tu. Akasema mjomba amemfukuza kwa karatasi hiyohiyo. Nikainama nikamvua viatu. Kazi ile ameifanya tangu mimi sijaanza shule. Hana nyingine, wala hajawahi kutaka nyingine.

Kesho yake asubuhi nikaenda kiwandani nirudie hesabu, labda nilikosea kujumlisha. Pasi aliponiona akaweka pasi chini. Akaniuliza ni kweli mama anaachishwa, na kama ni ule ugonjwa wake wa majuzi bado unamsumbua.

"Siku ile ulituona, dada," akasema. "Hatukula hata mchana. Tulisema tukimbize kazi tufunge mapema, tukamwone mama yetu."

Nikasimama kama nimepigwa kofi. Niliwaona kweli. Nilikuwa nimekaa palepale na daftari, nikawaona hawaendi kula, ila jedwali langu halikuwa na mahali pa kuandika hilo. Na jioni ile walikuja nyumbani kweli, wote watatu, mama akajitupa kitandani akajifunika shuka mpaka kidevuni, na walipoondoka tukacheka mpaka machozi. Nilicheka halafu nikaenda chumbani kuandika kwamba mama anawarudisha watu nyuma. Mtu mjinga kiasi hicho anafundishwa nini chuo kikuu?

Nikakimbilia kwa mjomba, ofisini kwake nyuma ya mashine. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: kwamba hakuna kilichobaki vilevile siku ile, kwamba zile nguo kumi na nne za ziada zilitoka kwa sababu ya mama, hazikutoka kwa sababu hayupo. Alinisikiliza vizuri. Akageuza karatasi yangu, akaitazama tena, akakuna shavu.

"Kwa hiyo wakijua yuko salama wanakwenda mwendo wao wa siku zote," akasema taratibu, kama anayefikiri pamoja nami. "Wakijua anaumwa, wanakimbia."

Nikatafuta kosa katika maneno hayo. Nilipekua kila mhadhara niliowahi kunakili na sikuliona, ingawa mwili wote ulikuwa unaniambia kosa lipo, tena ni kubwa.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuja kuchukua viatu vyake vya kazini, na sijui alifika saa ngapi, lakini mjomba alipomwona aliinamisha kichwa. Alitutazama sisi wawili, kaka yake na mwanawe, msomi wa familia.

"Waambie naumwa, kaka," akasema. "Safari hii haitakuwa uongo."