Miezi Mitatu Nje ya Ulingo

Sajini Kivuva alikuja nyumbani kwetu Jumatatu asubuhi, akasimama nje ya mlango na kuniita kwa sauti ile ile aliyoitumia uwanjani. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa 1966. Mama yangu, Rahmo, alikuwa akichemsha chai. Alinitazama, akatikisa kichwa nisijibu.

"Dekow yuko?"

"Niko," nilisema, maana nilikuwa nimechoka kufichwa.

Kivuva alikuwa Mkamba, polisi wa miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha ngumi katika kiwanja nyuma ya nyumba za askari. Aliingia, akaketi juu ya mkeka bila kungoja kukaribishwa, akanipima kwa macho.

"Umekonda. Uzani wako bado uko, lakini?"

"Uko, sajini."

"Vizuri. Alhamisi lori linakwenda Nairobi kwa mashindano, na wewe nimekuandika. Lakini umekosa mashindano mawili. Bondia aliyekaa nje miezi mitatu hapandi ulingoni mpaka daktari ampime na kumpa cheti. Kesho saa nne nakuja kukuchukua." Kisha akapunguza sauti. "Kuna jambo jingine. Afisa wa usalama atakuwepo. Anataka kujua miezi hiyo mitatu ulikuwa wapi."

Alikunywa chai yake, akaondoka. Mama alibaki ameshika kikombe alichokiacha.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Mtaa wetu ulikuwa umezungushiwa seng'enge na miiba, ukiwa na geti moja na askari wawili. Kuanzia saa kumi na mbili jioni ilikuwa kafyu. Mtu hakutoka bila pasi, na pasi haikutolewa kwa mtu wa kwetu ila kwa sababu kubwa. Mimi sababu yangu ilikuwa ngumi. Nilikwisha kwenda Nairobi mara tatu kwa lori la timu, nikapita geti lile mchana huku askari wakinipungia mkono. Mungu hakunipa elimu wala mifugo. Alinipa mikono hii miwili, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kutoka Garissa.

Mwezi wa sita, huko Nairobi, nilipigwa ngumi ya sikio katika raundi ya tatu. Sikuanguka. Nilishinda kwa pointi, refa akaniinua mkono, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejua kwamba raundi ile siikumbuki mpaka leo. Katika lori la kurudi nilitapika njia nzima. Nyumbani kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa, mkono wa kushoto ukalegea, na nilipoinuka kutoka sijida, nyumba iliinama upande mmoja.

Mama alimwita Mzee Kulow, ambaye kazi yake ni kuchoma wagonjwa kwa chuma cha moto. Alinichoma pande mbili za kipaji cha uso, kisha mara moja nyuma ya bega la kushoto kwa ajili ya mkono. Kwetu mtu aliyechomwa hukingwa dhidi ya harufu. Manukato, ubani, mafuta ya kukaangia, vyote vinaaminika kuingia katika kidonda na kukivimbisha. Kwa hiyo mama alinitia puani pamba yenye manemane, akatundika pazia, akaniweka nyuma yake siku arobaini.

Shida ilikuwa majirani. Kwetu mgonjwa hawezi kukaa bila wageni, na jirani yetu Muslimo hakumzuru mgonjwa yeyote kabla ya kujipaka manukato mpaka kwenye mitandio. Mama hakuweza kumfukuza. Basi akawaambia wote kwamba sipo, nimekwenda Kotile kwa mjomba kuangalia ng'ombe. Ni uongo ambao mama yeyote wa kwetu angeusema. Siku arobaini zilipokwisha, ardhi bado ilikuwa ikiinama, na mimi kwa aibu nikaendelea kukaa nyuma ya pazia.

Mama hakufikiri kwamba Kotile iko nje ya seng'enge. Kijana aliyekwenda Kotile bila pasi mwaka ule alikuwa na jina moja tu: shifta, mwasi wa msituni anayepigana na serikali. Muslimo alilisema neno la Kotile kwenye foleni ya maji, kwa nia njema kabisa, na kutoka hapo likafika getini.

"Waambie kweli," mama aliniambia mchana ule. "Ulikuwa hapa unaumwa."

"Wataniuliza nini kiliniuma, hooyo."

"Kichwa."

"Nikisema kichwa, sipigani tena maisha yangu."

"Kwani kupigwa kichwani ni riziki ya namna gani?"

"Ndiyo inayonipitisha getini."

Mimi nilihesabu jambo lile kila upande, na kila upande ulikuwa na seng'enge. Nikiwa mzima, basi nilikuwa msituni, na watu waliokutwa na kosa hilo walipelekwa mbali na hawakurudi upesi. Nikiwa mgonjwa, nilikuwa nyumbani, na hapo nyumbani ndipo nitakapobaki. Niliswali rakaa mbili za kuomba uongozi. Nilimwambia Mwenyezi Mungu kwamba nataka anitoe katika mawili haya, anipe la tatu. Nililala bila kuliona la tatu.

Kesho yake Kivuva alinipitisha getini hadi hospitali. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ndogo ya chupa na sinia za chuma, na benchi dirishani. Afisa alikuwa ameketi kwenye benchi na faili mapajani. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mtu wa maneno machache. Alisikiliza kifua changu, akapima mkojo, akaniambia nikaze ngumi zote mbili. Ya kushoto niliikaza mpaka jasho likanitoka.

"Hizi za kipaji ni nini?"

"Dawa ya nyumbani, daktari."

"Geuka."

Niligeuka, na nikasikia benchi ikilia. Afisa alikuwa amesimama.

"Hiyo ya bega ni risasi."

"Yaweza kuwa chuma cha moto," alisema daktari.

"Yaweza kuwa risasi iliyochomwa kwa chuma cha moto."

Kivuva alicheka, akidhani ananisaidia. "Afande, huyu risasi ingempata wapi? Hata ngumi hazimpati. Mtu mzima kabisa huyu, fahali."

"Fahali," alisema afisa. "Basi kwa nini fahali alikosa mashindano mawili?"

Afisa akanigeukia.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Jirani yako anasema Kotile."

"Mama ndiye aliyemwambia hivyo."

"Kwa nini mama yako aseme uko Kotile na wewe uko nyumbani?"

"Ili asije na manukato."

Afisa alicheka, na hata daktari akainamisha uso. "Nimedanganywa sana tangu nije huku," alisema afisa. "Nimeambiwa ya mvua, ya ngamia kupotea, ya bibi kufa mara tatu. Hili la manukato ni jipya, naliandika."

Akaliandika kweli.

Daktari alivua miwani, akaifuta. "Alikuwa anaumwa nini, huko nyumbani?"

Nilimtazama Kivuva. Nilisema, "Homa."

"Homa haichomwi begani, nadhani. Simama hapa katikati. Vua viatu. Inua mguu mmoja, fumba macho, na usishike kitu."

Jambo hili nilikuwa nimejifunza nyuma ya pazia, siku baada ya siku, kwa kuwa nilijua siku ya kupimwa ingefika. Mtu ambaye kichwa chake kimeumia anaweza kusimama akiwa na kitu kidogo cha kumwonyesha sakafu iko wapi. Nilifumba macho, na kidole gumba cha mguu kikapapasa saruji mpaka kikakuta ufa. Nikaubana ukingo wake. Nikasimama.

Nilisimama imara kama mti. Nilisikia Kivuva akivuta pumzi na kusema polepole, "Mnaona?" Katika giza lile la macho niliona lori la Alhamisi, taa za ukumbi, kamba nyeupe za ulingo. Kisha nikasikia kalamu ya afisa ikikwaruza karatasi, haraka haraka, na nikaelewa anachoandika. Kila dakika niliyosimama ilikuwa ikinitoa nyumbani kwa mama na kunipeleka msituni nisikowahi kufika. Ushahidi nilikuwa nikiutoa mimi mwenyewe, kwa kidole cha mguu.

Nilisema moyoni, Ya Rabbi, hata huu ni uongo. Nikaondoa kidole kwenye ufa.

Sakafu iliondoka. Niliangukia meza, chupa zikamwagika, sinia zikalia chumba kizima. Nilijaribu kuinuka nikaangukia upande ule ule. Daktari alinishika mabega akaniketisha kitandani, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Sikuweza kukifuata.

"Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Raundi ya tatu nisiyoikumbuka, matapishi ndani ya lori, mkono wa kushoto, chuma cha Mzee Kulow, pamba ya manemane. Kivuva alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Daktari alichukua rula, akapima alama za kipaji na ile ya bega. Zote zilitoshana.

"Ni chuma kimoja," alimwambia afisa. "Na mtu huyu asingeweza kutembea hadi Kotile. Asingefika hata mtoni."

Afisa alifunga faili. "Kulow nitamuuliza mwenyewe," alisema, na akatoka bila kuniangalia tena.

Daktari aliandika cheti taratibu, akapiga muhuri. "Hutapigana tena. Sisemi mwezi huu. Ngumi nyingine moja ya kichwa, na mama yako atakuzika. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Tulitembea na Kivuva kurudi mtaani. Jua lilikuwa kali na nilikwenda nimeshika mkono wake, jambo ambalo wakati wa kwenda sikukubali kulifanya mbele ya watu. Karibu na geti alisimama.

"Nilikuona umesimama," alisema. "Ulisimama vizuri."

"Nilisimama, sajini."

"Ungeweza kuendelea?"

"Ningeweza."

Aliifikiria ile kazi yote aliyoifanya juu yangu, miaka miwili, asubuhi zote zile. Niliiona ikipita usoni mwake. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyopigwa taipu.

"Nilikuwa nimekwisha kuichukua. Lazima niirudishe ofisini."

Alinipa niisome. Ilikuwa pasi yangu. Ilikuwa na jina langu, jina la baba yangu, uzani wangu, Garissa hadi Nairobi, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Niliisoma polepole, nikiweka kidole chini ya kila neno, nikamrudishia. Aliikunja mara nne na kuondoka kuelekea nyumba za askari.

Nilisogea getini peke yangu, nikishika waya. Askari alikuwa mgeni, hakunijua.

"Unatoka au unaingia?"

"Naingia."

Akafungua, hakuniomba chochote. Kuingia hakukuhitaji karatasi.