Mti Uliompima Tupoki

Usiku wa jana niliota nimelipeleka darasa langu la chekechea kwenye shamba la matufaha, kule milimani kwenye baridi, na geti lilikataa kufunguka mpaka watoto walisalimie. Wakasema "Shikamoo" kwa pamoja. Geti likaitika "Marahaba" kwa uchovu, likauliza kama wote wameshakojoa. Hilo ndilo swali langu la kila safari, kwa hiyo nililiheshimu lile geti.

Nyuma yangu alikuwa Tupoki, ameshika pindo la gauni langu. Tangu shule ifunguliwe hajawahi kuliachia. Hata ubaoni tunaandika wawili. Watu husema namdekeza. Ni kweli namdekeza, na ninapenda.

Ndani watoto wanapiga kelele. Nasema lile ninalolisema kila siku: "Masikio kwangu." Yanakuja. Yanaruka yote, yanatua kwenye kikapu changu na kutulia. Nayarudisha kwa kukisia. Nadhani Lutengano ameondoka na moja la Suma, lakini halalamiki. Anasema sasa anasikia mambo ya nyumbani kwa akina Suma, na si madogo.

"Nani atatufundisha kuchuma?" nikauliza.

"Tumekuja kuchuma sisi," ukasema mti uliokuwa karibu. "Nyie ndio mmezaa."

Nikatazama, nikaona ni kweli. Shamba lilikuwa darasa langu. Miti imekaa kwenye vile viti vidogo, imekunja mizizi chini ya meza, na watoto wananing'inia darini kwa kola za sare zao, wanacheka. Tupoki peke yake ndiye aliyening'inia kwenye gauni langu.

Mti ukanieleza utaratibu bila haraka. "Hatuvuti. Tunainua kidogo, tunazungusha. Aliyeiva anaachia mwenyewe. Asiyeiva tunamwacha na mwalimu wake."

"Mkishamchuma anakwenda wapi?"

"Darasa la kwanza."

Sikuona cha kubisha hapo. Lutengano akachumwa, Suma akachumwa. Kisha mti ukamfikia Tupoki, ukamwinua kidogo, ukamzungusha. Hakutoka. Nikafurahi sana, halafu nikaona aibu kwa kufurahi.

"Mbichi huyu," nikasema haraka. "Mwacheni."

"Mwalimu, hebu tazama mkono," mti ukasema.

Nikautazama mkono wa Tupoki. Vidole vyake vilikuwa wazi, pindo langu linaning'inia bure.

"Sio huo," mti ukasema. "Wako."

Mkono wangu ulikuwa umekamata sweta lake mgongoni.

"Mwalimu," Tupoki akasema kwa upole, "unanivuta."

Nikaachia. Haikuwa rahisi, na moyo uliniuma. Yeye hata hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mti, akaupapasa gome, akauuliza kama nao huenda chooni kwa foleni.

Sikusikia ulivyojibu, maana simu iliita nikaamka. Alikuwa Mama Tupoki.

"Mwalimu, samahani kukuamsha. Huyu mtoto leo kagoma kushikwa mkono. Anasema atakwenda shule mwenyewe, mimi nimfuate kwa nyuma."

"Mwache aende, mama."

"Sawa. Ila atachelewa kidogo, natafuta sweta jingine. Jana nililikunja likiwa zima, leo limevutika mgongoni mpaka limekuwa na mkia. Sijui kalifanya nini huyu."

Nikakaa kitandani, nikaufungua mkono wangu uliokuwa bado umekunja ngumi.

"Usimgombeze," nikamwambia. "Sweta nitanunua mimi."