Misuli na Mbegu

Mdogo wangu alikuwa na kifua cha kuegemeza ngazi. Walimwita Winchi, kwa sababu siku moja kwenye karakana yangu alinyanyua injini ya gari dogo kwa mikono mitupu, akaiweka mezani, akauliza kama kuna nyingine. Kazi yake ilikuwa ubaunsa. Alisimama mlangoni pa ukumbi wa muziki, na walevi wakimwona tu walikumbuka njia ya kwenda kwao.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Vyuma alivyofanyia mazoezi nilivitengeneza mimi: gia za malori yaliyokufa nilizipachika kwenye mabomba, na benchi nikaliunga kwa chesisi kuukuu. Yeye na wenzake walifanyia mazoezi kwenye banda la mabati lililopakana na karakana yangu, kwa hiyo kila jioni nilisikia wanaume wakiguna kama wajawazito walioshikwa na uchungu.

Ila waliojifungua walikuwa wake za watu wengine. Mke wa Winchi, shemeji yangu, fundi cherehani, alikuwa ameolewa miaka minne na hajashika mimba hata moja. Watu walimtazama mume alivyofura, wakamtazama mke alivyo mwembamba, wakatoa hukumu.

Hukumu ilisomwa sebuleni kwa mama. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikaa peke yake kwenye kochi la watu watatu, akasubiri shemeji alete chai, na sinia halijatua akaanza.

"Mwanangu Winchi, mtu hang'ang'anii shamba lisiloota. Kuna binti nimemwona. Mpole, ana afya, na kwao wamezaliwa kumi na mmoja."

Shemeji aliimimina chai ya shangazi mpaka ikafurika kwenye kisahani.

"Shangazi," nikasema, "na mbegu je?"

"Mbegu gani?"

"Shamba umeshalisema. Mbegu nani ameipima?"

Mama akaziba uso kwa mtandio. "Jamani, maneno gani hayo mbele ya mzazi wako?"

"Huyu apimwe?" Shangazi akambonyeza Winchi mkono kama anayechagua parachichi. "Apimwe nini? Hapa pana watoto ishirini wanasubiri foleni!"

Winchi akacheka, akakunja mkono, akautunisha. Hapo ndipo damu iliponichemka. Mke wake anadhalilishwa mbele ya watu, na yeye anatunisha misuli. Shangazi akamalizia kwamba mwaka ukiisha bila habari, ataenda mwenyewe kwa akina binti kufungua mazungumzo.

Kesho yake shemeji alikuja karakana akiwa bado ana futi ya kupimia shingoni.

"Shemeji, zima hilo lidude lako tuongee."

Nikazima mashine, nikavua miwani.

"Mimi nimepimwa kila kitu. Wamesema sina tatizo, nimpeleke mume wangu. Nimemwambia. Mara ya kwanza alicheka, ya pili akanuna, ya tatu akaenda kulala kwenye kochi."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka mtoto. Na namtaka yeye, mjinga yule. Lakini sitangoja kufungashiwa virago. Akikataa tena, nitavifunga mwenyewe."

Nilivuka hadi bandani, nikamvuta mdogo wangu nje, mbali na masikio ya wenzake.

"Kaka, mimi si mgonjwa," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Na mkeo si mgonjwa. Lakini ametolewa damu, amelazwa kitandani, ameshikwashikwa na watu asiowajua. Wewe unaombwa kikopo tu. Unaogopa kikopo?"

"Siogopi kitu."

"Basi vaa shati twende."

Aliogopa. Alikipokea kikopo kama mtu aliyekabidhiwa nge, na alivyokawia chooni nilidhani ametorokea dirishani. Lakini alikirudisha.

Siku ya majibu tuliingia wote wawili. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na hilo lilinipendeza. Ukweli unataka sauti.

"Hatujaona mbegu hata moja," akasema.

Winchi akanitazama, kisha akatazama mlango. "Mmekosea. Niangalie, dokta."

"Ndiyo maana nakuangalia. Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Pakiti ngapi kwa siku hicho kidogo?"

Akakiri moja. Pombe? Kila anapotoka kazini. Akaulizwa usingizi, akasema analala jua likishachomoza, saa chache. Daktari akavua miwani.

"Na hayo mabega. Ni vyuma peke yake?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo wangu akijaribu kujikunja aonekane mdogo.

"Mwambie daktari," nikasema.

"Kuna sindano," akasema. "Za misuli. Jamaa mmoja pale bandani anatuletea."

Daktari akaguna. Alieleza taratibu, na mimi niliyeacha shule darasa la sita nilielewa. Sindano zile ni homoni za kiume. Ukizimwaga mwilini kutoka nje, ubongo unaona bidhaa imejaa, unaagiza kiwanda kifungwe. Korodani zinalala. Mtu anafura juu, chini anakauka. Kuna nyongeza pia: sigara na pombe huziharibu mbegu, na joto la chumba cha mvuke, ambamo Winchi alikiri hupenda kukaa baada ya mazoezi, nalo halizifai.

"Kwa hiyo nimejimaliza?" Sauti ya Winchi ilitoka nyembamba.

"Umejifunga. Wengi wakiacha, kiwanda hufunguka. Inaweza kuchukua miezi, wengine hata zaidi ya mwaka. Siwezi kukuahidi, na usiache tu halafu ukapotea, uje nikufuatilie. Na mkeo, niliyempima mwenyewe, apunguze kahawa, halafu aache huo unga wa mitishamba anaouziwa na kila mpita njia. Hakuna anayejua umechanganywa na nini."

Tulipofika kwao aliingia, akamzimia shemeji cherehani, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. Mimi nikabaki mlangoni. Nilisikia shemeji akisema, "Nyanyuka, utanichafulia suruali ya mteja," kisha nikasikia wote wawili wanalia, nikaondoka zangu.

Kuacha si maneno. Pombe ilimsumbua, sigara ikamsumbua zaidi, lakini kuacha sindano ndiko kulikomvunja. Alipungua kama puto lililotobolewa. Mashati yalimpwaya, akawa mchovu, anakasirikia hata kijiko. Aliomba zamu ya mchana, akawekwa kulinda duka la vifaa vya umeme. Shemeji alimpunguzia nguo kwenye cherehani bila kumcheka, naye kahawa yake ikabaki kikombe kimoja cha asubuhi.

Waliocheka walikuwa bandani.

"Winchi imekatika kamba!"

"Siku hizi tumwite Spana."

"Spana? Huyo ni nati, tena ya baiskeli!"

Yalipokaribia mashindano ya kutunisha misuli, ambayo Winchi alikuwa amezoea kuyabeba kila mwaka, yule jamaa wa sindano alimfuata hadi karakana yangu akiwa na kimfuko.

"Braza, hii ya mwisho tu. Beba kombe lako, halafu uache kwa heshima."

Winchi aliupokea ule mfuko. Nilishika nyundo, sijui ya kumpiga nani. Akaupima mkononi kwa muda, macho yakiwa kwenye mikono yake iliyosinyaa.

"Makombe ninayo matatu," akasema. "Yote yamekaa kabatini, hakuna hata moja linaloniita baba." Akamrudishia.

Siku ya mashindano aliketi kwenye viti vya watazamaji na mkewe, wakala karanga.

Mwaka ulipoisha, shangazi hakusahau. Tulikusanyika tena kwa mama, na safari hii alikuja amevaa vizuri, tayari kwenda kwa akina binti. Shemeji akatokea jikoni na sinia.

"Basi," shangazi akasema, "maneno yangu mnayajua."

Winchi akasimama. "Shangazi, tatizo ni langu."

"Mwanangu, usimkinge mkeo."

"Simkingi. Yeye ndiye amenikinga mimi miaka yote, mnamtukana amenyamaza. Nilikuwa najidunga dawa za misuli, zimeniulia mbegu. Nimeziacha, natibiwa. Nikipona nitazaa na huyu. Nisipopona nitazeeka na huyu. Atakayemwita shamba tena, aniite mimi jangwa, tena kwa sauti."

Mama akainuka, akaenda kwa shemeji, akamtoa sinia mikononi, akamkalisha kwenye lile kochi la watu watatu.

"Leo namimina mimi," akasema. "Shangazi yao, hebu sogea, mpe mwenzako nafasi."

Akasogea.

Mbegu zilianza kuonekana baadaye, chache, kisha daktari akasema zinatosha kujaribu bahati. Misuli haikurudi yote. Alikuwa na mwili wa mtu wa kawaida anayefanya kazi, na alilala usiku kama watu.

Jioni moja nilikuwa bandani naunga mguu wa benchi uliopasuka. Winchi alikuwa ananyanyua uzito wa wastani, wenzake wakimtania kama kawaida yao. Mlango ukafunguka. Hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga mle. Shemeji alipita katikati ya majitu yale yenye jasho, akasimama mbele ya mumewe.

"Nimetoka hospitali. Nina mimba."

Winchi akaachia chuma, kikatikisa sakafu. Alipiga ukelele ambao hajawahi kuupiga hata siku za makombe. Mimi mwenyewe nilirusha nyundo juu, bahati ikaangukia mchanga. Wawili hao wakatoka wameshikana mikono, Winchi anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anamtangazia kila mpita njia, hata wasiomjua.

Yule jamaa wa sindano akausukuma mkoba wake chini ya benchi kwa mguu.

Nikarudi karakana. Sijawasha mashine, nikaona kivuli. Alikuwa Trela, jitu kubwa kuliko wote waliobaki, aliyeoa muda mrefu kidogo na bado hana mtoto.

"Mzee, nilikuwa napita tu," akasema, akichezea komeo la geti. "Hivi... huyo daktari huwa yupo siku gani?"

Nikamtajia siku, nikamwambia aende na mkewe. Nyuma yake, pale mlangoni, wengine wawili walikuwa wamesimama, wanajifanya wanakagua madirisha yangu ya kuuza.